Doa la Utomvu Lisilotoka

Nshamba, Ihangiro
9 Juni, 1954

Mpendwa Mshauri, Ma Georgina,

Naomba msaada wako, waitu, maana nimefika mahali ambapo hata padri nashindwa kumweleza, na kabla sijaendelea nakusihi kwa heshima jina langu usilichapishe gazetini, kwa sababu mimi ni mtu ninayejulikana hapa Nshamba na jambo hili likitoka nje nimekwisha.

Mimi ni mkanyagaji wa ndizi. Najua ninyi wa mjini Bukoba siku hizi mnakunywa chai hata kwenye arusi, lakini huku kwetu arusi haiwi arusi bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi haipatikani mpaka mtu aingie ndani ya mtumbwi wa mti azikanyage zile ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake yote, na kazi hiyo nimeifanya tangu ujana wangu, niliirithi kwa baba, na sijisifu nikisema kwamba kutoka hapa mpaka ziwani hakuna anayenishinda, hata mkungu wetu, mkuu wa kijiji, akipata wageni hutuma watu wanitafute mimi na si mwingine, na nikiwa na homa husema basi wageni wangoje.

Sasa miaka mitatu iliyopita nilitokewa na doa jeusi chini ya wayo wa kulia, pale kwenye nyama iliyo nyuma ya kidole gumba, dogo kama punje ya mtama, nami sikushangaa, kwa sababu mkanyagaji gani asiye na utomvu wa ndizi miguuni, nikaliita muhuri wangu, na watu wakiisha kunywa walikuwa wakiniambia hebu inua mguu tuuone muhuri, nami nauinua, wanalishika, wanalisifu, na mwaka wa pili lilipokuwa kubwa kama buni walisema muhuri unakua kwa sababu heshima yangu inakua, na mimi, Ma, niliwaamini.

Mwaka huu limefika ukubwa wa kizibo cha chupa, pembeni halina mstari wa kueleweka, mahali fulani ni jeusi tititi, mahali fulani la kahawia na mahali fulani linataka kuwa la bluu, na tangu Kwaresima limekuwa likitoa damu, basi nikalisugua kwa mafuta ya taa kama tunavyosugua utomvu, halikutoka, nikalikwangua kwa wembe, likatoka kidogo likarudi na hasira, na dereva mmoja wa lori akanipa maji ya betri akisema huondoa kila kitu, kweli yaliondoa ngozi, doa likabaki. Wa kwanza kugundua kwamba linavuja ni shemeji yangu Bartholomayo, ndugu wa mke wangu, ambaye ni Mlutheri aliyeokoka, alinikuta nachechemea njiani akanilazimisha nivue kiatu, na alipouona mguu akasema Mungu ananiozesha palepale ninapotendea dhambi ya pombe, nitubu, na tangu siku hiyo siishi kwa amani maana wenzake husimama kanisani kutoa ushuhuda na sijui ni Jumapili gani mguu wangu utakuwa ushuhuda.

Nikaenda hospitali kwa siri, mke wangu Alistidia nikamwambia nakwenda Bukoba kwa mambo ya chama cha kahawa, daktari akakata kipande kikapelekwa kupimwa, nikarudi baada ya majuma matatu kwa mambo yaleyale ya kahawa, akaniambia kwa kinywa cha mkalimani kwamba si utomvu, ni kansa ya ngozi, akanipapasa kwenye kinena akasema mitoki haijavimba na hiyo ni bahati yangu, lakini anataka kukata kidole gumba pamoja na nyama yote ya mbele ya wayo, tena juma hilohilo. Ma Georgina, kidole gumba ndicho usukani wa mkanyagaji. Na mwanangu wa kwanza, Philbert, ambaye ni karani, anamwoa Kemilembe binti Rugaibula mwezi wa nane, na pombe ya kupeleka kwa wakwe lazima ikanyagwe, na Rugaibula ameshawatangazia ndugu zake kwamba watakunywa pombe iliyokanyagwa kwa miguu yangu, sasa ikikanyagwa na mtu mwingine nami niko hai wataonaje? Nikamwomba daktari anipe muda mpaka arusi ipite, akasema muda si wake kunipa.

Na lililo baya zaidi ni hili, mwezi uliopita nilikanyaga pombe ya mkungu huku mguu unavuja, niliufunga kwa magome makavu ya mgomba lakini yalifunguka humohumo mtumbwini, na wageni walikunywa wakasema pombe ya safari hii ina rangi nzuri. Tangu hapo silali. Je, nao watapata kansa? Mke wangu hajui lolote, navaa soksi alizonipa Philbert, hata nyumbani, hata kitandani. Nishauri, nikanyage kwanza ndipo nikakatwe, au nikakatwe kwanza, au labda daktari amekosea, maana yeye ni Mzungu na maishani mwake hajakanyaga ndizi hata moja.

Wako mwenye mashaka,
Mkanyagaji wa Nshamba (jina nimekuandikia nyuma ya bahasha)


JIBU LA MA GEORGINA
Buhembe, Jumamosi 26 Juni

Baba Philbert,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Nimebakiza tu kwamba wewe ni mkanyagaji hodari kuliko wote kutoka Nshamba mpaka ziwani, mkeo ni Alistidia, mwanao Philbert ni karani, anamwoa Kemilembe binti Rugaibula, na shemeji yako ni Bartholomayo aliyeokoka. Bila shaka Nshamba nzima itakuna kichwa mwaka mzima ikijiuliza huyu ni nani.

Sasa tuje kwenye utomvu. Mimi ni Mlutheri wa Buhembe, rubisi sinywi, lakini baba yangu alikanyaga ndizi mpaka mwaka aliobatizwa, na kazi yangu utotoni ilikuwa kumsugua nyayo kwa mafuta na jiwe. Kwa hiyo utomvu wa ndizi hunifundishi. Ukiingia kwenye shuka, shuka litachakaa utomvu ungalipo. Ukiingia kwenye ngozi ya mtu hukaa juma moja, mawili, ukizidi sana matatu, ngozi ya juu ikijivua unaondoka nayo. Haukai miaka mitatu. Haunenepi kutoka mtama kufika buni, na kutoka buni kufika kizibo cha chupa. Hauna rangi tatu kwa mpigo, na haujatoa damu tangu Mungu aumbe mgomba. Jambo hili unalijua kuliko mimi, kwa sababu doa la mguu wa kushoto lilikuwa linatoka kila baada ya kazi, au mguu wa kushoto wewe hukanyagii?

Kumbe kwa miaka mitatu umekuwa ukiinua mguu kwenye karamu kuwaonyesha watu kansa, nao wakikupigia makofi. Nimewahi kuona watu wanaoficha ugonjwa, na gazeti hili linaletewa barua zao kila juma. Mtu wa kuutembeza na kuuita muhuri sikuwahi kumwona. Hongera, Nshamba imetoa wa kwanza.

Matibabu yako nayo yamenifurahisha. Mafuta ya taa ni ya taa. Wembe ni wa ndevu. Maji ya betri ni ya lori, na hata lori hupewa kwa kipimo. Vyote vitatu umevitia kwenye kidonda kimoja, kisha anapotokea mtu aliyesomea kukata, mwenye kisu safi na dawa ya usingizi, ndipo unakumbuka kuwa mwangalifu. Unasema labda amekosea kwa sababu hajawahi kukanyaga ndizi. Hoja nzito hiyo. Basi na seremala asikubaliwe kupima jeneza mpaka yeye mwenyewe alale ndani kwanza.

Shemeji yako Bartholomayo mwambie hivi, kutoka kwa Mlutheri mwenzake: toba ni njema, mimi hutubu kila siku na bado sijamaliza, lakini kansa haichagui dini wala kinywaji. Imewapata wanywa maji. Kama ana mzigo wa kushuhudia, akashuhudie kwamba alimwona mume wa dada yake anachechemea akamhubiria badala ya kumpeleka hospitali. Nitakwenda mwenyewe kusikiliza ushuhuda huo.

Wageni wa mkungu watulie. Kansa haiambukizi, si kwa kunywa, si kwa kugusa, si kwa kulala kitanda kimoja, kwa hiyo kuifichia kitandani ni kazi uliyojipa bure. Lakini damu ya mguu si kiungo, baba, na mtu mwenye kidonda chochote, hata cha mwiba, haingii mtumbwini. Hilo ulilijua. Ulilijua ndiyo maana ulifunga magome. Mkungu simwandikii mimi, utamwambia mwenyewe ukiisha kupona, nawe utasema kweli, na itakuwa aibu, na utaimaliza.

Sasa swali lako. Nikanyage kwanza au nikatwe kwanza? Kakatwe. Ulitakiwa kukatwa juma lile lile daktari alilosema. Amekupapasa kinena hakuona mtoki, maana yake ni kwamba kwa kadiri mkono wake unavyoweza kujua, kitu hiki bado kiko mguuni. Kikishapanda, hata akate mguu mzima atakuwa anakifuata nyuma. Wewe unampa miezi miwili kipande hiki cha nyama kinachokua, ili wakwe wafurahie pombe. Na mwezi wa nane ukiingia mtumbwini unacheza juu ya kidonda hicho nusu siku nzima, unadhani utatoka hapo ukaingia hospitali kwa miguu?

Sikuahidi kwamba utapona kabisa. Daktari hakukuahidi, na mimi ni nani? Najua tu kwamba anayekwenda mapema ana nafasi, na anayengoja anaipunguza kila siku kwa mkono wake.

Nikuambie kwa nini nakugombeza hivi. Nilikuwa na jirani hapa Buhembe, Penina. Alitokewa na mstari mweusi chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akasema amejikwaa. Mstari ukapanuka, weusi ukatoka kwenye ukucha ukaingia kwenye nyama, akasema amejikwaa tena. Alijikwaa kwa miaka miwili. Tulimzika Januari. Mpaka leo namkasirikia, na hasira iliyobaki ni yangu mwenyewe, kwa sababu nilikaa naye benchi moja kanisani na kila Jumapili niliuona ukucha ule kwenye ndala, nikadhani adabu ni kunyamaza. Sinyamazi tena.

Na ninyi mnaosomewa barua hii dukani huku mnamcheka mkanyagaji, vueni viatu kwanza, mlio navyo. Wengi wenu mnadhani kansa ya ngozi ni ya Wazungu waliochomwa na jua. Kwetu sisi weusi hupenda kujificha pale ambapo jua halijafika: nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, viganjani. Mara moja kwa mwezi, siku ya kuoga vizuri kabla ya ibada au misa, kaeni penye mwanga mtazamane, mume amwangalie mke na mke amwangalie mume, mgongo na kisogo pia, maana hakuna mwenye macho kisogoni. Doa mlilozaliwa nalo ambalo halijabadilika, liacheni kwa amani. Doa jipya, au la zamani lililoanza kukua, kubadilika rangi, kupindapinda pembeni, kuwasha au kutoa damu, liende hospitali. Kidonda kisichofunga kwa mwezi kiende, hasa kilichofumuka juu ya kovu la moto la siku nyingi. Mwenye mtoto zeruzeru ajue ngozi yake ndiyo hasa adui wake ni jua, amvike kofia pana na mikono mirefu, na kila kijipele kinachokaa usoni mwake akionyeshe. Na mwenye mtoki kinenani au kwapani usiopungua, asingoje nimwandikie.

Narudi kwako, Baba Philbert, maana liko jambo ninalopaswa kuungama na mimi.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na mbili. Siku hiyohiyo nilikujibu kwa posta, neno moja, Nenda, kwa kuwa gazeti huchelewa na mguu wako haungoji mpiga chapa. Hukwenda. Usiniulize nimejuaje, hospitali ina milango na mimi nina jamaa. Ilipofika tarehe kumi na nane nikavunja siri yako. Sikumwambia mkungu wala padri, sikumwambia Bartholomayo. Nilimwandikia mkeo.

Amenijibu, na kwa ruhusa yake nayaandika hapa maneno yake, kwa sababu anasema ana kwa ana utamkatiza.

“Ma Georgina, soksi niliziona. Mwanamume aliyetembea pekupeku miaka thelathini akianza kulala na soksi, na mara mbili anakwenda Bukoba kwa kahawa na kahawa bado iko mtini, mwanamke atafikiri nini? Nilijua amepata mtu mjini. Miezi mitatu nimekuwa nikilia shambani ili asinione. Barua yako iliponiambia ni kansa nilifurahi, Ma, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa kwamba si mwanamke, kisha nikakaa chini ya mgomba nikaelewa nimefurahia nini. Nimekwenda kwa Rugaibula mwenyewe nikamweleza. Akasema aibu ni arusi isiyo na baba wa bwana arusi, hiyo nyingine ni pombe tu. Wanawe watakanyaga. Mume wangu mwambie wakanyagaji Ihangiro ni wengi, na mimi nimeolewa na mmoja.”

Ndiyo hayo. Mkeo anajua, mkwe wako anajua, arusi iko palepale, na sababu uliyokuwa umeishikilia ya kutokwenda haipo tena. Imebaki hofu. Hofu naielewa, hata mimi ningeogopa, na mtu asikudanganye kwamba kukatwa kidole ni mchezo. Utalia, na mguu utauma, na mwezi mzima utatembea na fimbo. Baadaye fundi viatu atakujazia kiatu mbele kwa kitambaa, utatembea, utapalilia, utachuma kahawa. Daktari akikwambia urudi kila baada ya miezi kadhaa akupapase kinena na kuutazama mguu wa pili, utarudi bila kisingizio cha chama chochote. Mtumbwini hutaingia tena. Utaketi kando kwenye kiti ukiwagombeza wanaokanyaga, na kwa barua yako ile ndefu naona ulimi wako hauna ugonjwa.

Alistidia ameniomba nikuachie nafasi moja, ingawa kwa maoni yangu huistahili. Hatakugusia lolote mpaka kesho baada ya misa, kwa sababu anataka umwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Jumatatu saa moja asubuhi atakuwa kando ya barabara na mkeka, nguo zako na chakula cha njiani cha watu wawili. Basi litasimama, hatakushika mkono wala hatakubembeleza. Atapanda, atakaa, na ataacha nafasi dirishani.

Kaa hapo.

Ma Georgina